Uanze na nani katika sanaa ya kale ya Georgia: Takaishvili, Chubinashvili, Amiranashvili au Djobadze?

Anayetaka kuijua sanaa ya Georgia ya Zama za Kati hukwama mapema. Nazungumzia Georgia ya Kaukazi, nchi iliyoupokea Ukristo katika karne ya 4. Makanisa yake ya mawe ya kuchonga yametapakaa kutoka pwani ya Bahari Nyeusi hadi mabonde ya Kakheti, na mengine yamebaki ng'ambo ya mpaka, mashariki mwa Uturuki. Ukishika kitabu chochote cha maana juu yake, tanbihi zinakurudisha kwa watu wale wale. Wanne hutajwa mno, nao hawafanani hata kidogo. Ukianza na asiyekufaa utachoka kabla hujafika kwenye utamu wenyewe.

Ekvtime Takaishvili (1863–1953) alikuwa mwanahistoria na mwanaakiolojia, mmoja wa waasisi wa Chuo Kikuu cha Tbilisi mwaka 1918. Giorgi Chubinashvili (1885–1973) ndiye aliyeifanya historia ya sanaa kuwa taaluma kamili nchini humo. Shalva Amiranashvili (1899–1975) aliongoza Makumbusho ya Sanaa ya Georgia kuanzia 1939 hadi alipofariki. Wachtang Djobadze (1917–2007) aliishi uhamishoni, akafundisha California, na kutoka huko akawa anakwenda Uturuki kupima makanisa ya Kigeorgia.

Nitawalinganisha kwa mambo manne. Kwanza, kila mmoja alikuwa akitazama nini hasa. Pili, aliokoa nini, maana katika nchi iliyopitiwa na vita, mapinduzi na utawala wa Stalin, kuchunguza na kuokoa vilikuwa kazi moja. Tatu, ni wapi umsome kwa tahadhari. Nne, unamfikiaje leo: kwa lugha gani, na vitu alivyovisoma viko wapi. Mwishoni nitasema nani anamfaa nani.

Walikuwa wakitazama nini

Njia nyepesi ya kuona tofauti zao ni kuchukua mahali pamoja: Khakhuli. Ni monasteri ya karne ya 10 katika eneo la kale la Tao. Kanisa lake leo ni msikiti wa kijiji cha Bağbaşı, mkoa wa Erzurum, Uturuki. Ikoni yake mashuhuri, yaani picha takatifu, ya Bikira Maria ilihamishiwa monasteri ya Gelati, ikatengenezewa fremu kubwa ya milango miwili katika karne ya 12, na sasa iko Tbilisi. Milango ikifunguliwa, upana unazidi mita mbili. Fremu imejaa vipande zaidi ya mia vya enameli, yaani rangi za kioo zilizoyeyushwa ndani ya vijumba vya nyuzi nyembamba za dhahabu, na vipande hivyo vina umri tofauti. Katika ikoni ya asili, kilichobaki ni uso na mikono ya Bikira Maria tu.

Takaishvili angekwenda Khakhuli kusoma maandishi. Alisomea historia St Petersburg, akamaliza 1887, na maisha yake yote alikuwa mtu wa hati: miswada, nyaraka za wafalme, maneno yaliyochongwa kwenye mawe. Kanisa kwake lilikuwa shahidi wa historia. Ukitaka kujua nani alilijenga, kwa amri ya nani na kwa gharama gani, huyu ndiye mtu wako. Mfano mzuri ni kanisa kuu la Oshki, lililojengwa kati ya 963 na 973. Msimamizi wa ujenzi, Grigol, aliacha maandishi yanayotaja matumizi ya kazi ile: fedha, divai, ngano, chuma, mafundi, na wanyama waliobeba mawe. Ni nadra sana kwa jengo la karne ya 10 kukuachia hesabu zake za ujenzi, na kwa mtu kama Takaishvili hiyo ilikuwa hazina kuliko dhahabu.

Chubinashvili aliliangalia umbo. Alizaliwa St Petersburg na kupata sehemu ya elimu yake Ujerumani, akarudi na njia ya kulisoma jengo kupitia mpango wake, uwiano wake na namna sehemu zinavyoshikana. Kazi yake juu ya kanisa la Jvari, lililojengwa takriban 586 hadi 605 juu ya kilima kinachoutazama mji wa Mtskheta, bado ni mlango wa somo lote. Ukiingia Jvari unakuta nusu-duara nne, moja kila upande. Kwenye pembe, kati ya nusu-duara na nusu-duara, kuna mashimo marefu ya mviringo yanayokupeleka kwenye vyumba vinne vidogo. Ukiinua macho unaona mraba wa chini ukigeuka polepole kuwa pembe nane, kisha duara la kuba, kwa matao madogo yaliyopangwa pembeni. Chubinashvili alionyesha kwamba kila kitu pale kimefikiriwa, kisha akalipanga kundi zima la makanisa ya namna hiyo: Ateni, Martvili, Shuamta ya Kale. Baada ya kumsoma, huingii tena kanisani ukaona "kanisa la kale" tu.

Amiranashvili alikuwa mtu wa vyombo. Enameli, dhahabu na fedha iliyofuliwa, mafundi wenye majina kama Beka Opizari wa karne ya 12. Ile fremu ya Khakhuli alihangaika nayo kipande kwa kipande. Ukipenda kazi ya sonara, huna haja ya kuanza kwingine.

Djobadze alishughulika na mahali penyewe. Alipima na kupiga picha monasteri za Tao na za maeneo jirani ya kale ya Klarjeti na Shavsheti, pamoja na zile za Wageorgia karibu na Antiokia. Huko Khakhuli yeye yuko mlango wa kusini, akieleza michongo yake: Aleksanda Mkuu akipaishwa angani, Yona na nyangumi. Huko Oshki yuko kwenye ukumbi wa kusini-magharibi, mbele ya nguzo ya pembe nane iliyochongwa watakatifu.

Waliokoa nini

Hapa nitakaa zaidi kwa Takaishvili, kwa sababu kisa chake hakina kifani.

Mwaka 1917, Vita Kuu vikiwa bado vinaendelea na jeshi la Urusi likiwa limeshika maeneo yale, alipeleka msafara Tao. Alichukua mbunifu majengo, Anatoli Kalgin, na wasanii vijana: Dimitri Shevardnadze, Lado Gudiashvili, Mikheil Chiaureli, pamoja na Ilia Zdanevich. Walipima, wakachora ramani za majengo, wakanakili michoro ya ukutani. Miaka minne baadaye mpaka uliwekwa, eneo likabaki Uturuki, na kwa miongo mingi Mgeorgia wa upande wa Kisovyeti hakuweza kukanyaga huko. Rangi nyingi zilizokuwa ukutani 1917 zimefifia au zimeanguka. Nakala za wale vijana ndizo zilizobaki kama ushahidi.

Kisha ukaja mwaka 1921. Jeshi Jekundu lilipoingia Georgia, serikali ilikimbilia Batumi na kutoka huko Ufaransa, ikiwa na hazina ya taifa ndani ya masanduku 39: ikoni, vyombo vya dhahabu, miswada. Takaishvili ndiye aliyekabidhiwa kuvilinda. Masanduku yaliwekwa benki, kwanza Marseille kisha Paris, naye akaishi Leuville karibu na Paris kwa dhiki. Mkewe Nino alifariki huko mwaka 1931. Chombo kimoja tu kingeuzwa kingemwondolea shida zake zote, lakini hakuuza. Binti wa ukoo wa kitawala wa Dadiani alidai sehemu ya hazina mahakamani, akashindwa. Mwaka 1945 masanduku yalirudi Tbilisi kwa ndege, na mzee mwenyewe, akiwa na miaka 82, ndani ya ndege hiyo hiyo. Shukrani aliyopata ni kwamba bintiye wa kulea alikamatwa mwaka 1951, naye akafariki 1953 akiwa kwenye kifungo cha nyumbani. Kanisa la Kiorthodoksi la Georgia lilimtangaza mtakatifu mwaka 2002, na kwa maoni yangu ni haki yake.

Ukiwalinganisha wengine na hayo utaona kama walifanya kidogo, na utakuwa umewaonea. Chubinashvili alianzisha mwaka 1941 taasisi ya historia ya sanaa ya Georgia, akaiongoza hadi mwisho wa maisha yake. Wanafunzi wake walizunguka nchi nzima wakipima kanisa moja baada ya jingine. Katika nchi ambako makanisa yalikuwa yakifungwa na kubomolewa, kuliandika jengo kuwa kazi ya sanaa ilikuwa njia ya kulipatia kinga. Kinga hiyo haikuwa ya bure. Shevardnadze, yule mchoraji wa msafara wa 1917, alipinga kubomolewa kwa kanisa la Metekhi hapo Tbilisi, na mwaka 1937 akauawa kwa risasi. Metekhi bado limesimama juu ya mto.

Amiranashvili aliipokea hazina iliyorudi 1945 na kuiweka mahali ambapo watu wangeiona na kuisoma. Kazi hiyo haina msisimko, lakini hazina isiyo na mtunzaji anayejua kila kipande hupotea hata ikiwa ndani ya jengo. Wageorgia walikwisha kuonja hasara hiyo. Katika karne ya 19 ikoni kadhaa zilivuliwa enameli zake, zikauzwa kwa wakusanyaji wa Urusi. Medali tisa kutoka monasteri ya Jumati ziko leo New York, Makumbusho ya Metropolitan, zikiwa zawadi ya J. Pierpont Morgan ya mwaka 1917.

Djobadze hakuokoa chombo wala jengo. Aliokoa maarifa juu ya majengo ambayo wenzake wa Tbilisi hawakuweza kuyafikia, wakati mengine yakiporomoka au kuchukuliwa mawe yake na wanakijiji. Bila yeye, kati ya msafara wa Takaishvili na zama za mpaka uliofunguka kungekuwa na pengo kubwa.

Pa kutahadhari

Takaishvili ni wa zama zake. Baadhi ya tarehe alizotoa zimerekebishwa, na maelezo yake ya majengo ni mafupi ukilinganisha na yale ya maandishi. Msome kama shahidi aliyeona, kisha tafuta mtu wa baadaye kwa uchambuzi.

Chubinashvili ana tatizo zito zaidi. Mwaka 1918 msomi wa Vienna, Josef Strzygowski, alitoa kitabu kilichoifanya Armenia kuwa chimbuko la usanifu wa kikanisa, na Georgia kuwa mfuasi tu. Chubinashvili alitumia nguvu nyingi kumjibu, na mwaka 1967 akatoa kitabu juu ya usanifu wa Armenia ambacho wasomi wa Kiarmenia walikipinga vikali. Suala lenyewe si dogo: mpango wa Jvari una ndugu zake Armenia, kwa mfano kanisa la Hripsime la mwaka 618, na kanisa la Ateni lina maandishi ya Kiarmenia yanayomtaja fundi Todosak. Uchambuzi wa Chubinashvili juu ya jengo moja moja ni dhahabu. Pale anapopanga nani alimtangulia nani, weka kitabu cha Mwarmenia kando yake na usome vyote viwili.

Amiranashvili naye ana mapenzi ya nyumbani. Alipenda kuzipa enameli tarehe za mapema na kuzihesabu kuwa kazi za mafundi wa Georgia. Kwenye fremu ya Khakhuli kuna kipande kinachomwonyesha Kristo akiwavika taji mfalme Mikaeli VII wa Bizanti na mkewe Maria, aliyekuwa binti wa mfalme Bagrat IV wa Georgia. Kipande hicho ni cha miaka ya 1071 hadi 1078, na wasomi wengi wanakiona kuwa kazi ya Konstantinopoli. Kwa suala la tarehe na chimbuko, msome pamoja na Leila Khuskivadze, aliyezichunguza upya enameli za makumbusho hayo hayo.

Kwa Djobadze sina malalamiko makubwa. Ni mkavu, anaeleza jiwe kwa jiwe, na hatoki nje ya maeneo yake. Usitarajie picha ya nchi nzima.

Unawafikiaje

Lugha ndiyo itakayoamua kwa wengi wetu. Djobadze aliandika kwa Kiingereza. Kitabu chake kikuu kilitoka Stuttgart mwaka 1992 na maktaba nyingi kubwa za vyuo vya Ulaya na Marekani zinacho. Kazi ya Amiranashvili juu ya enameli ilitoka kwa Kifaransa mwaka 1962 na kwa Kiingereza 1964, ikiwa na picha za rangi. Takaishvili na Chubinashvili ni Kirusi na Kigeorgia kwa sehemu kubwa. Ripoti ya msafara wa 1917 ilichapishwa kwa Kirusi mwaka 1952, mwaka mmoja kabla ya kifo chake. Wapo Waafrika Mashariki wengi waliosoma Urusi na Ukraine. Kwao mlango huo uko wazi, na ningewahimiza waupite.

Asiyejua Kirusi anaweza kuipata njia ya Chubinashvili kupitia wanandoa wawili wa taasisi yake, Rusudan Mepisashvili na Vakhtang Tsintsadze. Kitabu chao cha pamoja kilitoka kwa Kiingereza mwaka 1979 na kina ramani safi za majengo.

Kwa vitu vyenyewe: vyombo viko kwenye makumbusho ya Tbilisi yenye jina la Amiranashvili, ndani ya jengo la zamani la seminari. Jengo hilo limekuwa na mjadala mrefu wa ukarabati, kwa hiyo uliza kabla ya kukata tiketi. Jvari ni mwendo mfupi wa gari kutoka Tbilisi. Makanisa ya Djobadze na Takaishvili yanahitaji gari la kukodi kutoka Erzurum au Artvin, na subira ya barabara za milimani.

Kwa hali yako

Mwanafunzi wa usanifu majengo au uhifadhi aanze na shule ya Chubinashvili, kwa Mepisashvili na Tsintsadze ikibidi, kisha afuatilie kisa cha kanisa kuu la Bagrati huko Kutaisi. Lina maandishi ya mwaka 1003, lililipuliwa na Waosmani mwishoni mwa karne ya 17, na Tsintsadze alilishughulikia kwa miaka mingi kama gofu la kuhifadhiwa. Lilipojengwa upya kabisa mwaka 2012, likiongezewa sehemu za chuma na kioo, UNESCO haikuridhika, na mwaka 2017 ikaliondoa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia, na Gelati, iliyokuwa imeorodheshwa pamoja nalo, ikabaki peke yake. Hakuna mfano bora wa kujifunzia mpaka kati ya kuhifadhi na kujenga upya.

Sonara, mbunifu wa mapambo au mpenzi wa ikoni amchukue Amiranashvili na aanze na picha. Atafute kikombe cha dhahabu cha Bedia cha mwaka 999, kilichotolewa na Bagrat III na mama yake Gurandukht, chenye watu kumi na wawili chini ya matao kukizunguka. Maandishi asome baadaye.

Anayefuatilia urejeshaji wa mali za kale, jambo ambalo Wakenya walilishuhudia vigango vya Wamijikenda, yaani nguzo za mbao za kuwakumbuka wafu, viliporudi kutoka makumbusho ya Marekani, amsome Takaishvili. Kisa cha masanduku 39 kinagusa maswali yote: nani mwenye mali serikali ikianguka, mahakama ya kigeni inaamuaje, mlinzi anadaiwa nini. Waorthodoksi wa Kenya, Uganda na Tanzania nao watapata kwake mtakatifu wa karibu sana na zama zetu.

Msafiri anayekwenda mashariki mwa Uturuki ambebe Djobadze. Hata kurasa chache za nakala zinatosha kukuonyesha usimame wapi na utazame juu ya mlango upi. Kama makanisa mawili ndiyo unayoweza kuyafikia, chagua Oshki na Khakhuli, hayako mbali.

Na kama kinachokuvuta ni michoro ya ukutani, kati ya hawa wanne hakuna atakayekukata kiu. Nenda kwa wanawake watatu wa taasisi ya Chubinashvili: Natela Aladashvili, Gaiane Alibegashvili na Aneli Volskaya. Walipanda hadi Svaneti ya Juu, eneo la milimani huko Georgia, na kuichunguza kazi ya mchoraji mmoja, Tevdore, aliyejiita mchoraji wa mfalme. Aliacha tarehe zake: Iprari mwaka 1096, Lagurka 1112, Nakipari 1130. Makanisa hayo ni madogo, na funguo huwa kwa wanakijiji, kwa hiyo fika mapema na uulize nyumba ya mshika ufunguo kabla ya kupanda kilima.